Unga wa Jiwe kwenye Injini

Gari lile nililinunua kwa sababu moja tu, na sababu yenyewe ilikuwa kaburi. Mwaka uliotangulia, uchungu ulimshika mke wangu tukiwa hatuna usafiri. Tulingoja basi la kwenda Kisii, likaja, likakwama kwenye matope kabla hatujatoka Nyamira vizuri. Mtoto wetu wa kwanza alizaliwa amekwisha kufa. Nilikuwa mwalimu wa shule ya msingi, kijana mwenye hasira za karibu, na siku tulipomzika niliapa kwamba wa pili hatangoja basi la mtu yeyote.

Basi nikanunua gari kuukuu kwa mzungu mmoja aliyekuwa akifunga virago kurudi kwao. Lilipanda milima yetu vizuri, lakini lilivuja oili. Tena si matone mawili matatu, jamani! Nililipeleka Kisii na kulirudisha siku moja, na jioni kijiti cha kupimia kilitoka kikavu. Injini ya namna hiyo ingeweza kukamata, isizunguke tena, katikati ya mlima, mke wangu akiwa ndani. Alikuwa na mimba ya miezi minane, na daktari alishatuambia waziwazi kwamba safari hii azalie hospitali, tusijaribu nyumbani.

Fundi wa Kisii aliingia chini ya gari, akachungulia pale injini inapokutana na giaboksi, akatoka akipangusa mikono.

"Mwalimu, hii ni sili ya nyuma, ule mpira unaozuia oili. Lazima injini ishuke."

"Itachukua muda gani?"

"Sili yenyewe mpaka itoke Nairobi. Mwezi mmoja, labda zaidi."

Mwezi! Nilimjibu vibaya yule bwana, tena mbele za watu, na mpaka leo naona haya. Kosa lake lilikuwa nini? Hata mimi nilipochungulia niliona alichokiona yeye. Nyuma kumelowa chapachapa, mbele hakuna tone. Nikarudi nyumbani nikiwa nimenuna, sina hamu hata ya chai.

Jumapili iliyofuata nilikuwa chini ya gari, chali juu ya gunia, nimevaa kaptula iliyotoboka matakoni. Mara nikasikia sauti ya mama mkwe langoni. Alikuwa ametoka kwao Tabaka kuja kumjulia hali binti yake.

Sasa, kwetu mama mkwe si wa kuchezewa. Hampeani mikono, hamtazamani usoni, na maneno mazito mnayapitisha kwa mtu mwingine. Kumtokea na kaptula ile ingekuwa aibu ya kusimuliwa ukoo mzima. Miguu yangu ilikuwa nje mpaka magotini. Nikaivuta ndani polepole, nikanyamaza.

Mke wangu, mchokozi yule, badala ya kumkaribisha mama yake ndani akamletea kigoda papo hapo kivulini. Alijua vizuri nilipo na nilichovaa! Nikalala pale karibu saa nzima, oili ikinidondokea shingoni, wao wakipiga soga za shangazi na mahindi. Haki ya Mungu, nilimlaani kimoyomoyo.

Hatimaye mama mkwe akauliza, "Na hili gari linaumwa nini?"

Mke wangu akamweleza yote, mpaka ule mwezi wa fundi. Akasema, "Mama, naogopa." Kwangu hakuwahi kulitamka neno hilo. Nilipolisikia nikiwa nimelala kwenye vumbi, hasira zote ziliniisha.

Mama mkwe maisha yake yote alikuwa akisugua na kung'arisha mawe ya kuchonga ya kwao. Akageuza uso upande wa migomba, akasema kwa sauti ya kusikika:

"Mwambie mwenye gari hivi. Sisi jiwe likiwa na ufa hatuutafuti kwa macho. Tunaliosha, tunalikausha, halafu tunalipaka unga wa jiwe. Maji yaliyobaki ndani ya ufa yanatoka yenyewe, yanachora mstari. Lakini jiwe liwekwe mahali tambarare. Ukiliinamisha, maji yanakimbilia chini, nawe unadhani ufa uko huko."

"Umesikia, mwenye gari?" mke wangu akauliza, kicheko kimembana.

Nilikohoa tu.

Mahali tambarare! Tangu nilinunue, gari lile lilikuwa halijalala mahali tambarare hata siku moja. Boma langu liko mteremkoni, kama maboma yetu yote, na nililiegesha pua ikitazama juu. Kibanda cha fundi nacho kilikuwa mteremkoni, pua ikitazama juu vilevile. Oili ingetoka popote, ingekimbilia nyuma. Mimi na fundi tumezaliwa milimani wote wawili, na mteremko hatuuoni tena.

Siku ya pili yake utingo wa basi aliniletea kopo la unga wa jiwe alilotuma mama mkwe kutoka Tabaka, mweupe, laini. Niliiosha injini kwa mafuta ya taa na brashi, nikaikausha kwa matambara, nikalipeleka gari kwenye uwanja wa mpira wa shule, ambao ndio mahali pekee palipolala sawa. Nikaipaka injini unga hadi ikawa nyeupe pe. Walimu wenzangu walicheka mpaka wakashikana mabega. "Mwalimu anakanda chapati!" Niliwaacha wacheke, nikawasha injini, nikahesabu dakika kumi.

Nilipofungua boneti, mstari mmoja mweusi ulikuwa unashuka kutoka kona ya mbele, chini ya kifuniko cha juu cha injini. Nyuma kulikuwa kweupe, kukavu. Kumbe sili ilikuwa nzima! Gasketi ya kifuniko, utepe wa kuzibia oili, ndiyo iliyopasuka. Nilipata nyingine Kisii siku hiyo hiyo, na aliyeifunga ni yule yule fundi niliyemtukana. Nilimwomba radhi. Akacheka, akaniomba unga uliobaki.

Uchungu ulianza asubuhi moja ya mvua. Mama mkwe alikuwa amekuja tangu juzi yake, amelala kwa jirani kama heshima inavyotaka. Alikaa kiti cha nyuma na binti yake, nami sikugeuka hata mara moja. Tulipanda, tukashuka, tukapanda tena, na tulipofika hospitali nilikichomoa kijiti cha kupimia. Oili ilikuwa palepale.

Tulibaki wawili kwenye korido, yeye mwisho huu wa benchi, mimi mwisho ule, tumepeana migongo. Tulikaa hivyo mpaka saa sita mchana. Ndipo ng'ambo ya mlango mtoto akalia, kilio kikali cha mwenye mapafu mazima.

Sikuweza kujizuia, nililia. Nikasikia na mama mkwe analia nyuma yangu, na hapakuwa na mtu wa kupitishia neno.

"Asante, mama," nikauambia ukuta.

Naye akauambia ukuta wa upande wake, "Asante wewe, mwanangu. Safari hii umemfikisha."