Mkono Mfukoni Mbele ya Tonton Gaspard

Ipo siku moja naikumbuka kila nikishika bisibisi, mwanangu. Ilikuwa mtaa wa Matonge, hapa hapa Brussels, miaka ile ya elfu mbili na kitu. Nilikuwa kijana bado, sina duka kama hili unaloliona leo hapa Evere. Maman Béa, Mkongo mwenye saluni ya kusuka, alikuwa amenipa kona nyuma ya viti vya wateja wake. Humo niliweka meza, taa na mita ya kupimia umeme. Shule sikufika mbali, nakwambia wazi na sioni haya. Kazi nilijifunza Buyenzi, kule Bujumbura, kwa kufungua redio za watu zikiwa bubu na kuzifunga zikiwa zinaongea. Wenye vyeti walikuwepo mjini, lakini ampli za lampe walizikwepa.

Ampli ya lampe unaijua? Ni kipaza sauti cha gitaa cha zamani, ndani yake mna taa za kioo badala ya vile vidude vidogo vya siku hizi. Sauti yake tamu mno. Ila ndani humo mna umeme mkali kuliko ule wa ukutani, na mimi nilikuwa naiogopa. Mpaka leo naiogopa. Fundi akikwambia yeye haogopi, usimpe ya kwako.

Basi akaingia Tonton Gaspard akiivuta ampli yake kwenye kigari cha sokoni. Mzee wa Kikongo huyo, tonton, yaani mjomba, wa mtaa mzima, mpiga gitaa, koti refu, kofia kichwani. Akipita mtaani, vijana walificha sigara. Jumamosi ile alikuwa apige kwenye harusi ya binti yake, na ampli ilikuwa inanguruma, sauti inakwama, ndani inanuka kama kitu kinaungua.

"Fundi, utaiponyesha ao utaiua?"

"Nitaiangalia, Tonton."

"Kuangalia, hata miye naiangalia."

Nikaifungua, nikaiwasha. Kati ya taa mbili kubwa, moja bati lake la ndani lilikuwa jekundu kama mkaa. Mwenye haraka angesema taa imekufa, nunua nyingine. Mimi nilizima, nikazibadilisha nafasi, nikawasha tena. Wekundu haukuhama na taa, ulibaki palepale kwenye tundu lile. Maana yake taa haina kosa, inalishwa vibaya. Nikashuku kapasita moja ndogo iliyo nyuma yake, ambayo kazi yake ni kupitisha sauti na kuzuia umeme. Ikizeeka inavuja. Ili nipate uhakika, nikazima, nikazichomoa zile taa mbili, nikawasha, kisha nikaingiza ncha ya mita kwa mkono wa kulia. Wa kushoto nikautia mfukoni.

Hapo ndipo maneno yalipoanza. Mfuko ule, mwanangu, ni kinga. Umeme ukikukuta kwa mkono mmoja, una bahati ya kupona. Ukikukuta wa pili umeshika chuma, unapita kifuani, kwenye moyo wenyewe. Tonton hakuyajua hayo. Yeye aliona kijana amesimama mbele yake na mkono mfukoni.

"Weye, uko mutoto ya nani? Unasimama mbele ya bakubwa na mukono mu mufuko? Njo vile banafundishaka batoto kule Bujumbura?"

Maman Béa akadakia bila kuinua macho kwenye msuko wake, "Muache, Tonton, pengine ameficha sandwich."

Wanawake wakacheka. Mimi sikujibu. Mita ilikuwa inapanda na nilikuwa nimebana pumzi. Na kulikuwa na kingine: niliona huyu mzee kazi yake ni gitaa, mimi ndiye fundi, ya nini nimweleze? Kazi itajieleza.

"Tosha mukono!"

Jasho lilinitiririka mgongoni na nje baridi kali. Sikuutoa.

"Bon. Alors, nipe kitu yangu."

Akainama, akachomoa waya ukutani, akanyoosha mikono yote miwili kuishika ampli, nayo iko wazi tumbo lote juu.

Sikupata muda wa kusema. Nikampiga mkono. Kofi la nguvu, mpaka akayumba na kofia yake ikaanguka chini. Nilimpiga mzee, mbele ya watu, na yeye akaniangalia kama mtu aliyemkuta mgeni kitandani kwake.

"Umenipiga," akasema, taratibu kabisa.

"Imechomolewa tu, Tonton. Haijafa."

Mna kapasita kubwa humo, zinatunza umeme hata waya ukishachomolewa, na kwa kuwa zile taa kubwa nilikuwa nimezitoa, hapakuwa na cha kuumaliza upesi. Kwa kawaida nautoa polepole. Siku hiyo niliishika bisibisi kwa mpini wake wa plastiki, nikagusisha chuma chake kwenye miguu ya kapasita makusudi. Cheche ikaruka na mlio kama wa baruti. Mteja mmoja alikurupuka kitini na nusu ya kichwa haijasukwa.

Nikangoja shukrani. Kweli nilizingoja. Tonton akakaa, akaviangalia vidole vyake kimoja kimoja.

"Donc ulijua."

"Nilijua, Tonton."

"Ulijua kama kifo iko mu ile kitu, na uliniacha nasimama pale, natukana, naleta mikono. Mukono yako nimeiona, ilikuwa mu mufuko. Na kinywa nayo uliitia mu mufuko?"

Akavuta kiti karibu.

"Sasa nieleze. Yote."

Nikamweleza, naye akasikiliza akiwa ametia mkono wake wa kushoto mfukoni mwa koti. Kapasita ndogo nikaibadilisha, wekundu ukaisha. Jumamosi nilikwenda harusini, nikakaa kando ya ukuta, pilau sikuionja. Kila wimbo nilingoja ile ampli ingurume au itoe moshi. Haikunguruma. Alipiga mpaka bibi harusi akavua viatu.

Lile kofi silijutii, na mtu asikwambie nimelijutia. Ninachokuusia ni hiki. Ukiwa na jambo la hatari mikononi, liseme kwa kila aliye karibu kabla hujaanza, awe mkubwa, awe mdogo, hata wakikucheka. Usingoje uulizwe. Usidhani kumheshimu mkubwa ni kunyamaza mbele yake, wala usidhani kunyamaza ndiko kujua kazi. Wewe unajua na yeye hajui: kimya chako ndicho kinachomsogeza. Na kama umeshachelewa kusema, mpige mkono, kisha umwombe radhi akiwa hai.

Mwenyezi Mungu akulindie vidole na moyo, akufanyie ulimi mwepesi penye hatari, na kila atakayesimama karibu na kazi yako arudi kwake mzima. Amina, mwanangu.