Siku Ambazo Sikuzihesabu

Nakumbuka mchana mmoja wa woga hapa Kamembe, mwanangu. Hunijia kila nikikuona umeinamia maswali ya mtihani wako wa kazi, yale yanayouliza: hoja hii ina kasoro gani? Wewe ukikosea, unapoteza alama. Mimi nilikosea, nusura nimpoteze mtu.

Tulikuwa tumerudi kutoka ukimbizini Bukavu, nchi bado ina kilio cha mauaji, na ng'ambo ya mto Ruzizi vita vilikuwa vimewaka. Nilikuwa msichana, nikishona kibarazani kwa Maman Velediana, mama mtu mzima wa Nkanka aliyenifundisha cherehani. Masasi ya bunduki yakilia upande wa Kongo, mguu uliniganda juu ya pedali. Njia za Mururu tuliziogopa hata mchana, maana ilisemekana kuna watu wanajificha kule. Nani ni nani, hakuna aliyejua.

Jirani yetu alikuwa Papa Zaituni, fundi baiskeli, Mwislamu wa maneno machache. Siku moja alifunga kazi mapema, saa nane. Saa kumi masasi yakalia. Wiki iliyofuata ikawa vilevile. Ya tatu tena. Nikajiambia: huyu anajua kabla, na anayejua kabla ni mwenzao wale wenye bunduki. Aliyeumwa na nyoka akiona unyasi hushtuka, na sisi sote tulikuwa tumeumwa. Nikaenda kwa nyumbakumi, kiongozi wa nyumba zetu, nikamweleza. Akaandika jina kwenye daftari, akasema kesho asubuhi askari watamchukua.

Niliporudi nilimnong'oneza Maman Velediana, nikidhani atanisifu. Akaweka mkasi chini.

“Na zile siku alifunga mapema na masasi haikulia, ulizihesabia?”

Zilikuwepo, tena nyingi. Ijumaa zote alifunga mapema kwenda msikitini. Alifunga siku za mvua kubwa, na siku aliyompeleka mkewe hospitali Mibirizi. Mto ulikuwa kimya siku zote hizo, wala sikuzikumbuka.

“Woga inahesabia tu siku zenye inataka,” akasema. “Ile ya tatu, wewe mwenyewe ulifunga cherehani mbele ya yeye kufunga. Niende nikuseme na wewe kwa nyumbakumi?”

Akaniambia nirudi nikalitoe lile jina kabla jua halijazama. Mwanangu, sijawahi kutembea njia ndefu vile, na ilikuwa nyumba sita tu. Siku zile aliyemtetea mtu alishukiwa pamoja naye. Nyumbakumi alinitazama sana, akauliza ni nani amenitisha. Nikasema hakuna, ni mimi niliyehesabu siku tatu nikaacha zingine. Akafuta jina polepole. Kisha akasema likitokea jambo baya, ataanza na mimi. Kwa wiki nyingi, viatu vyovyote vilivyopita nje nilidhani vinanifuata.

Papa Zaituni hakuchukuliwa. Lakini maji yakimwagika hayazoleki. Sijui neno lilitokea mdomo gani, watu wakaacha kumletea baiskeli. Asubuhi moja alifunga vyombo vyake kwa kamba, akahama na familia yake. Alipopita kibarazani alinisalimu kwa upole, akanitakia kubaki salama. Sikuwa na ujasiri wa kumwambia nilichofanya. Hilo nalijutia mpaka leo, na wewe ni wa kwanza kulisikia.

Basi ukiambiwa kila lilipokuwa hili likafuata lile, usikimbilie kujibu. Tafuta siku ambazo hili lilikuwepo na lile halikuja. Tafuta na wengine waliofanya hilohilo wasishukiwe. Vyura hulia kabla ya mvua, lakini si wao wanaoileta. Na zaidi ya yote, jiulize anayehesabu ni akili yako au ni hofu yako, maana hofu ina hesabu fupi sana.

Mungu akupe jicho la kuyaona hata yasiyopiga kelele, aulinde ulimi wako usimdhuru jirani, na hayo tuliyoyaogopa sisi, asikuonyeshe wewe wala watoto wako.