Kibao cha Kambi ya Wapagazi

Juzi nilikwenda ofisi ya kata kule Ziwani kugongewa muhuri, nikakuta foleni imesimama. Mezani, afisa utamaduni na mwalimu wa historia walikuwa wakibishana: kibao cha kambi ya wapagazi wa vita ya Mjerumani kiandikwe wamekufa wangapi?

"Mamia," alisema afisa, kidole juu ya kitabu.

"Maelfu, bwana!" Mwalimu akapiga meza kwa kiganja. "Waliofia njiani nani aliwahesabu?"

Bibi mmoja akatoka kwenye foleni. "Samahanini, wanangu. Kwenye hesabu zenu hizo, babu yangu yumo? Walimchukua shambani akiwa na jembe mkononi, wakampeleka hapo kambini. Hakurudi."

Afisa akafunua kitabu, akakifunga taratibu. Usomi wote ule, na swali la bibi halina ukurasa.

"Hatujui, bibi."

"Basi ongeza mmoja."

Mwalimu akachora kijistari pembeni ya karatasi. Nyuma yangu fundi baiskeli akasema, "Na wa kwetu." Mama muuza mihogo akainua vidole: "Kwetu wawili."

Zamu yangu ilipofika, karani akaniuliza shida yangu. Muhuri niliusahau.

"Kwetu mmoja," nikasema.