Nilivyomwoza Mama kwa Baba

Kuna watu hapa Baraka, mji wetu wa Kongo kando ya ziwa, ambao hadi leo wakinikuta sokoni hawaniulizi habari za nyumbani, wananiuliza bibi harusi anaendeleaje, na wanamaanisha mama yangu mzazi. Nawajibu hajambo. Wengine huongeza, "Na wewe lini?" na hapo mimi huinama kuzichunguza nyanya kama mtu aliyetumwa na serikali. Aibu yenyewe nimeizoea, lakini nimechoka kuisikia ikisimuliwa vibaya, maana wapo wanaosema nilimlazimisha mama kuolewa, na wapo wanaosema mama alimkimbia baba akiwa na gauni jeupe (halikuwa jeupe, lilikuwa rangi ya maziwa, nililiazima mimi mwenyewe), kwa hiyo ngoja niseme ilivyokuwa.

Kaka yangu mkubwa, Yaya Bahati (kwetu yaya ni mkubwa wako wa kuzaliwa, si mlezi wa watoto), anaishi Kanada. Alipelekwa huko kutoka kambi ya wakimbizi ya Tanzania, sisi wengine tukarudi Baraka, na tangu hapo amekuwa sauti kwenye simu. Ana watoto ambao mama hajawahi kuwashika hata kidole. Mwaka jana akatuambia amepata njia ya kuwaombea wazee viza wakaishi naye moja kwa moja, yeye ndiye atakayewadhamini, na kilichobaki ni sisi huku kutafuta pasipoti, vipimo vya hospitali na cheti cha ndoa.

Hapo kwenye cheti ndipo nilipoanguka. Wazazi wangu walioana zamani Swima, kijijini kwao mama, kwa mbuzi, kwa bugali na kwa nyimbo, mchungaji akawaombea, na hakuna aliyekumbuka kuandika chochote. Picha zao chache zilibaki ndani ya nyumba tulipokimbia vita, na nyumba ikaungua. Kwa macho ya Kanada, baba na mama walikuwa watu wawili waliokuwa wakiishi jirani sana.

Nikaenda biro ya kuandikisha ndoa. Karani, mama mmoja mpole, akanieleza bila haraka kwamba kuna njia mbili.

"Kama ni ndoa ya kimila," akasema, "bazee banakuja na mashahidi, mumoja wa kwa bwana, mumoja wa kwa bibi, tunaandika, tunapiga muhuri, imeisha. Ao kama munataka, banafunga upya: bendera, kiapo, bantu banapiga makofi."

Mtu mwenye akili angechagua ya kwanza. Mimi nilikumbuka kwamba Yaya Bahati alisema watu wa viza wanapenda kuona picha, na (nasema hili bila kujitetea) tangu utoto nina udhaifu kwa vitu vizuri, nikawaona wazazi wangu wamesimama kwenye ule uwanja wa biro, mama na maua, baba na koti, na ziwa nyuma yao limetandazwa kama kitenge kipya ambacho hakijafuliwa hata mara moja. Nikasema tutafunga upya.

Nikarudi nyumbani nikawaambia wazazi ni Alhamisi. Baba akasema sawa. Mama alikuwa anatwanga sombe, majani ya muhogo, hakuacha kutwanga, na mimi nikauchukua mdundo wa kinu kama jibu. Kisha nikampigia simu Mjomba Asukulu, mkubwa wa ndugu zake mama, anayekaa Swima, ili awe shahidi wa upande wao.

"Mujomba, tunakuomba Alhamisi ufike Baraka. Papa na mama banafunga ndoa."

Nikasikia akizima redio upande ule.

"Banafunga nini?"

"Ndoa, mujomba."

"Sasa dada yetu alikuwa kwa ule muzee miaka yote hii kama nani?"

Nikamweleza viza, cheti, Kanada, nikaeleza vizuri na kwa mpangilio, na yeye akasikia kimoja tu. "Kama ni ndoa," akasema, "iko na njia yake. Bibi harusi hatoke kwa bwana harusi. Anatoka kwabo." Akakata.

Jumanne wakafika kwa pikipiki, mjomba mbele, nyuma yake bamama wa Swima wamepakiana, wanaimba, vumbi limewapaka hadi nyusi. Baba alikuwa mezani anakula. Mjomba akamsalimia kwa heshima zote, akasema wamekuja kumchukua binti yao. Nikamwangalia mama nikijua atakataa, mwanamke wa umri wake, mwenye wajukuu, mwenye sufuria motoni. Mama aliangalia sufuria, akamwangalia baba, akaangalia pikipiki.

"Niko nakuja," akasema, na akatoka chumbani na mkoba wake upesi mno, hadi leo nashuku ulikuwa umefungwa tayari.

"Na chakula?" baba akauliza.

"Pole, muzee," akajibu mmoja wa bamama akiwa ameshapanda pikipiki, "bwana harusi hapikiwe na bibi harusi mbele ya ndoa."

Siku mbili hizo nilimpikia mimi. Baba si mtu wa malalamiko, aliuliza tu kwa nini maji ya chai yamekuwa na ladha nyingine, na blanketi lake hulala wapi mchana. Vijana wa pikipiki wakawa wakipita mbele ya nyumba wanampigia honi, "Muzee iko seribateri tena!" (ndivyo tunavyomwita asiyekuwa na mke), naye anawapungia mkono kwa adabu. Mbaya zaidi, baba ni mzee wa kanisa. Mchungaji wetu wa sasa, ambaye ni mgeni hapa, alikuja akakaa kwenye ukingo wa kiti, akauliza kwa sauti ya chini ni lini hasa baba alianza kuishi na yule mama. Yule mama! Nikamweleza vizuri na kwa mpangilio. Akafarijika, akasema basi kanisa nalo litakuja, na fanfari.

Kwa hiyo Alhamisi asubuhi, mahali ambapo nilikuwa nimewaza watu wanane na mpiga picha, kulikuwa na fanfari ya kanisa na matarumbeta yake, bamama wa Swima wameshona kitenge kimoja (sijui walishona lini), majirani wote, vijana wa pikipiki waliozima injini, na watu wa Mboko waliokuwa wakipita njia tu wakaona afadhali washuke. Mama alikuwa na lile gauni. Alipendeza, siwezi kusema vinginevyo, alikuwa na uso wa mtu aliyelala vizuri. Mimi nilisimama karibu yake na maua, kwa sababu anayemsindikiza bibi harusi lazima awe msichana ambaye hajaolewa, na walipotafuta msichana wa namna hiyo katika ukoo mzima macho yote yalinirudia mimi.

"Mama yako amekushinda mbio," akasema Shangazi Wabiwa, dada yake baba, kwa sauti iliyofika barabarani. "Bwana wa pili, na we hata wa kwanza bado!"

"Si wa pili, shangazi, ni yule yule."

"Basi yeye amepata yule yule mara mbili, na we hata nusu."

Makofi. Katika mkono wangu mwingine nilishika simu, na ndani ya simu alikuwa Yaya Bahati na kofia ya sufu, ameacha kazi yake ya usiku kwa saa moja ili aone wazazi wake wakioana, na kila dakika anauliza kama wameanza.

Afisa akatoka na utepe wake begani, akasoma sheria, akauliza upande wa mke kama mahari ilitoka.

"Ilitoka," akasema Mjomba Asukulu. "Tulishaikula."

Afisa akaandika. Akamwambia baba ashike bendera, akamuuliza kama anamkubali huyu mama, na baba akasema ndiyo kabla swali halijafika mwisho, kama mtu aliyekula upishi wangu tangu Jumanne. Kisha akamgeukia mama.

"Mama, unakubali kwa hiari yako kuolewa na huyu papa?"

Mpiga tarumbeta alikuwa ameshaweka tarumbeta mdomoni. Mama alishika bendera, akaiangalia, akaipapasa kidogo kwa vidole kama anapima ubora wa kitambaa.

"Bado," akasema.

Afisa akafunua kitabu chake cha sheria, akakifunga.

"Amesema nini?" Yaya Bahati akapiga kelele ndani ya mkono wangu. "Riziki, amesema nini?"

"Amesema bado."

"Bado nini?"

Nikamwambia asubiri, maana mama alikuwa ameanza kuongea, bila kupaza sauti, kwa ile sauti anayotumia kumweleza muuza samaki kwamba hawa si wa leo.

"Bwana afisa, mara ya kwanza mi sikuulizwa. Baba yangu na bazee ba huyu bwana balipatana, mi nilikuwa kwa shamba, nikarudi nikakuta mbuzi. Silalamike, alikuwa muntu muzuri. Vita nayo haikuniuliza, tulikimbia tu. Sasa iko hii ya Kanada. Bamenipiga picha, bamenitoa damu, kila mutu ananiambia mama utaenda, mama utaenda. Hata huyu," akanionyesha kwa kidevu, mimi na maua yangu, "hakuniuliza. We njo muntu wa kwanza kuniuliza kitu, na bendera iko hapa. Basi niache nijibu muzuri."

Hakuna aliyecheka. Nilitamani wacheke.

Akamgeukia baba. "Baba Bahati. Nikifa kule, utanirudisha?"

Baba akavua kofia. Ni mtu ambaye nimemsikia akitoa hotuba mara moja tu, na ilikuwa maombi ya chakula. Aliishika ile kofia kwa mikono miwili, akaitazama ndani, na watu wote wa Fizi, eneo letu zima, wakamngoja.

"Sijue," akasema. "Kurudisha mutu toka kule ni kazi. Sitaki kukudanganya mbele ya bantu." Akaigeuza ile kofia. "Hata hapa nyumbani mi sijue sukari inakaa wapi. Nimeitafuta tangu Jumanne. Kule nitajua nini bila weye? Kama hauende, siende."

Nilisikia pumzi ya bamama wa Swima ikitoka kwa pamoja.

"Na kama nasema twende tuone batoto, tukae kidogo, turudie huku kwetu?"

"Tutarudia."

"Sema na bendera."

Baba akarudisha mkono kwenye bendera na akaiapia Jamhuri kwamba atakwenda Kanada na mke wake, na atarudi naye Baraka akiwa mzima kwa miguu yake. Afisa hakujua kama sheria inaruhusu, akaamua kuangalia pembeni.

"Sasa nakubali," mama akasema, na lile tarumbeta, lililokuwa limezuiliwa muda wote huo, likalipuka na kunifanya nidondoshe maua, na mpiga picha, ambaye alikuwa amesahau kazi yake kwa sababu analia, akapiga picha moja tu siku ile nzima, na katika picha hiyo nimeinama, anayeonekana ni mgongo wangu.

Katikati ya vigelegele nikasikia Yaya Bahati ananiita. Nikaweka simu sikioni.

"Riziki," akasema polepole. "Ile viza si ya kurudi. Ile ni ya kukaa."

"Najua, yaya."

"Nilishawapakia chumba rangi."

Fanfari ilikuwa inapita pembeni yangu, na wale watu wa Mboko walikuwa wanauliza chakula kiko wapi. Huko kwake nilisikia mlango unafunguliwa, mtu anamwita kazini kwa lugha nisiyoijua vizuri, naye akasema hapa mtandao ni mbaya, ingawa ulikuwa mzuri kabisa.

Wazee walikwenda Swima jioni hiyo kusalimia ukweni, wakakaa huko majuma kadhaa. Cheti kilitoka, kizuri, na muhuri wake wa buluu. Siku nyingi zikapita, halafu Yaya Bahati akatuma ujumbe kwamba anaanza upya, ataomba viza ya kutembelea, na kwamba sasa watu wa viza wanataka uthibitisho kwamba wageni watarudi makwao. Nikamwambia mashahidi ninao wa kujaza lori. Hakucheka, lakini aliniuliza kama mama atapenda samaki wa kule au ampikie bugali, nikajua ameanza kupoa.

Tangu hapo nimejiwekea amri: sitamchagulia tena mtu mzima safari, wala harusi, wala upande wa kusimama kwenye picha, kabla sijakaa naye chini, nikanyamaza, na nikangoja aache kutwanga. Ni amri ngumu kwa mtu wa tabia yangu, lakini naishika.

Mama aliporudi kutoka Swima nilimtengea kiti nje, nikamweleza yote, hata yale ya kaka yangu na kile chumba. Alikuwa anatoa mawe kwenye maharage. Akaendelea kwa muda mrefu, sinia yote, mimi nimenyamaza kama nilivyoapa.

"Alipaka rangi gani?" akauliza mwishowe.

Nikafungua mdomo nimjibu, nikakuta sijui. Sikuwa nimeuliza.