Flashi Tatu za Makongeni

Sisi tuliokulia Makongeni, Thika, simu za mkono zilipoanza kuingia kila nyumba, tulijua kusema mengi bila kumaliza kredo, salio la simu. Unapiga, inalia, unakata kabla haijashikwa. Hiyo ndiyo flashi. Watoto wa leo hutumiana video nzima kuulizana kama wamekula, na bado hawaelewani.

Kwetu, mama ndiye aliyetunga maana. Alifanya kazi kiwanda cha nguo, simu yake mfukoni mwa aproni, na ile kuukuu akatuachia kabatini. Flashi moja, tumefika salama kutoka shule. Mbili, unga umeisha, apitie dukani. "Tatu ni ya hatari," alituambia. "Nikiona tatu, hata niwe wapi nitakuja."

Mchana mmoja wa likizo niliachiwa ndugu yangu mdogo, Wafula. Nje wasichana walikuwa wakicheza kati, wakikwepa mpira wa makaratasi ya nailoni. "Nekesa, kuja bana, tumepungukiwa!" Nilikuwa na miaka tisa na sikutaka kulea mtoto. Mama akirudi, niliwaza, nitatoka. Nikapiga flashi tatu.

Alifika mbio, aproni kiunoni, pamba kwenye nywele, kiatu kimoja mkononi. "Nani ameumia? Wafula ako wapi?" Nilipoona uso wake, hamu ya mchezo iliniisha. Nikashika tumbo. "Ni tumbo, mama." Akanibeba mgongoni hadi zahanati, msichana mkubwa miguu ikining'inia, nikanyweshwa dawa chungu ya tumbo lisilouma. Kesho yake msimamizi akamrudisha langoni kwa kuacha mashine bila ruhusa. Kazi ikaisha hivyo. Tangu hapo alifua nguo za watu mpaka tukamaliza shule.

Siku hizi anaishi nami Ngoingwa. Wanangu humwandikia "niko poa" na vikatuni vya kucheka, lakini akiwapigia hawashiki. Juzi aliwagombeza, kisha akawasimulia siku ile. "Mama yenu alikuwa anakufa na tumbo," akasema kwa fahari. "Kazi nikaacha, na sijawahi kujuta."

Wakanigeukia. "Ni ukweli, Mum?"

Nikasema ndiyo. Aibu ilinishika. Enzi zetu mlio tu wa simu ulitosha kumleta mama mbio. Leo yuko chumba cha pili, mlango uko wazi, na ninyi mnaosoma ndio mnaoambiwa ukweli, si yeye.