Marahaba ya Bibi wa Pweza

Kazi yangu hapa Kilindoni ni kugonga mihuri. Nagonga tangu asubuhi, na ikifika saa tano muhuri unaanza kuangukia nje ya karatasi, maana akili imeshatoka kwenda kutafuta chakula.

Nilipohamia kutoka bara, nilijaribu vibanda vyote vya karibu na ofisi. Kimoja maharage yake yalikuwa na mawe, kingine chapati zake zilitaka meno ya kuazima. Mwezi wa pili ndipo pua yangu ilipomgundua, nyuma ya kijiwe cha bodaboda, bibi anayepika pweza wa nazi.

"Nipe wali pweza," nikamwambia, mate yakinijaa.

Bibi hakugeuka. Alikoroga chungu chake, akasema kwa upole, "Marahaba, mwanangu."

Wateja wakaangua kicheko. Nilikuwa sijamwamkia. Nikatoa shikamoo yangu iliyochelewa, nikapewa wali wa kutosha na kipande cha pweza kisichozidi kidole.

Wiki iliyopita nilimpeleka bosi wangu, mtu anayeamkiwa hata na walinzi waliomzidi umri. Alichelewa njiani na simu yake, kisha akasimama mbele ya chungu, mikono mfukoni, akaagiza pweza.

"Marahaba, mwanangu," bibi akajibu.

Bosi akageuka kumtafuta aliyeamkia. Akaniona mimi tu. Nami shikamoo yangu nilikuwa nimeitoa tangu barabarani, na kinywa kimejaa pweza.