Nilivyoikoroga pampu ya Landrova ya kaka Deo ili ipande milima ya Muleba

Wakuu, hamjambo huko mlipo.

Jana nimesoma humu vijana mkibishana kuhusu remap na vile vidude vya kuchomeka kwenye ECU ili gari ya off-road iongezeke nguvu. Nimecheka peke yangu mpaka mke wangu akauliza kulikoni.

Sisi tulifanya tuning kabla ninyi hamjazaliwa. Bisibisi na koleo, basi.

Nitawaeleza ilivyokuwa. Sitatia chumvi, maana watu wa kijijini kwetu Ijumbi wapo humu ndani na wananijua kwa sura.

Vita vya Kagera vilipoisha nilikuwa ndiyo kwanza naanza kunyoa ndevu. Mkoa mzima ulijaa vyuma: malori yaliyokufa, maboksi ya risasi, matairi. Jirani yetu mmoja kuku wake walinyweshwa maji kwenye kofia ya askari.

Kaka yangu Deo, mkubwa wetu, akapata bodi ya Landrova nyuma ya ghala la kahawa. Injini haina. Mlango wa kushoto una tundu la risasi. Fundi alitaka kuliziba tukakataa, kwa sababu wasichana walikuwa wanaliulizia!

Fundi mwenyewe aliitwa Laurian, yuko Bukoba mjini. Alichukua injini ya dizeli ya lori lililoachwa na vita, akaifunga kwenye ile Landrova. Akainua springi, akavisha matairi ya lori. Siku hizi mngeiita project na mngeipiga picha kila kona.

Wakuu, ile sauti ninaikumbuka mpaka leo.

Ilisikika kutoka bondeni. Mama akiisikia tukiwa bado darajani anaanza kumenya ndizi. Tukifika nyumbani, chungu kiko motoni na kahawa ya kutafuna iko kwenye kisonzo, kile kikapu chetu kidogo. Nikisema nimewahi kuwa na raha, ni miaka ile.

Tulibeba kahawa, tulibeba maharusi, tulibeba watu na magunia yao ya senene.

Halafu ugonjwa ukaja.

Kabla haujaitwa ukimwi, wengine waliuita Juliana, jina la zile nguo za magendo zilizotoka Uganda. Wengine hawakuuita jina lolote, waliinamisha kichwa tu. Tukaanza kubeba wagonjwa kwenda hospitali, na majeneza kurudi, maana kwetu mtu hazikwi ugenini. Anarudi kwenye kibanja chake, kwenye migomba ya baba yake.

Hapa niwaeleze jambo moja kwa wasio wa kwetu.

Kabla ya magari, mgonjwa alibebwa kwa machela. Kila kitongoji kilikuwa nayo, ya miti na kamba. Ngoma ikipigwa, kila mwanamume anaacha jembe anakwenda. Wanne wanabeba, wengine wanapokezana nao. Hakuna kuuliza mgonjwa ni wa nani.

Mimi nilipokamata usukani niliacha kwenda. Nilijiambia mchango wangu ni gari. Deo hakuacha. Alikuwa anaegesha Landrova, anakwenda kutia bega kama wenzake.

Baadaye Deo akahamia kisiwani Bumbire kununua samaki, gari akaniachia mimi. Kazi yangu ikawa kuteremka mwaloni, pale ziwani mitumbwi inapofikia, kupokea mzigo na kuupandisha.

Ule mlima ulinitesa. Gia ya kwanza, gari linahema, watu wa miguu wananipita wakinisalimia. Aibu!

Nikamwendea Laurian anifungulie pampu ya dizeli, iteme mafuta mengi zaidi.

Akakataa. "Waitu, hapo nimepiga lakiri, usiiguse. Injini ni ya lori, rejeta ni ya Landrova. Ukiongeza dizeli, joto lake utalipeleka wapi?"

Nikaitikia vizuri kabisa. Nilipofika nyumbani nikakata lakiri kwa koleo, nikaizungusha skrubu nusu mzunguko.

Wakuu, niliona mbingu. Ule mlima nikaupanda kwa gia ya tatu, moshi mweusi nyuma, watoto wanashangilia. Wiki iliyofuata nikaongeza robo nyingine. Ujana una kiburi jamani.

Sasa nifike kwenye lenyewe.

Ikaja habari kwamba Deo anaumwa, anavushwa kwa mtumbwi, na anataka afike Ijumbi akiwa bado anaweza kusema.

Kwetu mtu huraga. Yaani hutamka mbele ya mashahidi nani apewe nini. Deo alikuwa na binti wa miaka miwili, Adela, aliyemzaa na mwanamke wa kule Bumbire. Ukoo haukumjua yule mtoto. Deo akifa bila kumtaja, Adela hapati hata mgomba mmoja. Wazee wa ukoo walishakaa nyumbani tangu asubuhi wakimsubiri.

Nilimpokea mwaloni. Nilimwinua mwenyewe kutoka kwenye mtumbwi, na alikuwa mwepesi mno. Niligeuza uso asinione.

Nikamlaza kwenye godoro nyuma, nikawasha. Akasikiliza kidogo, akatabasamu.

"Umeigusa pampu. Laurian amekubali?"

"Amekubali, kaka."

Nikamdanganya mgonjwa.

Mlima wa mwaloni tuliupanda kama mchezo. Tulipofika Muleba mshale wa joto ulikuwa umelala upande wa juu kabisa. Ilitakiwa nisimame, injini ipoe, niongeze maji. Lakini nyuma nasikia Deo anakohoa. Nikakanyaga mafuta.

Kwenye mlima wa mwisho kabla ya Ijumbi, gari likapiga kishindo. Mvuke mweupe ukatanda. Gasketi ya silinda hedi imekwenda, na mpira wa maji umepasuka.

Injini ikazima.

Nyumbani walikuwa wanaisikia ile sauti ikipanda, na waliisikia ilipokatika. Haikuchukua muda nikaona wanaume wanateremka mbio na machela. Wote wa kitongoji chetu. Mbele yao ni Petro, jirani ambaye wakati anaumwa mkewe mimi sikutokea kubeba.

Wakamlaza Deo kwenye machela, Petro akaniita.

"Tuko saba. Njoo ushike hapa nyuma."

Nikamjibu, "Tangulieni, niufunge huu mpira, nawafuata sasa hivi."

Hilo jibu nimelala nalo miaka yote hii. Mpira ule haukuwa na maana, injini ilishakufa. Ukweli ni kwamba niliona haya kushika mti niliokuwa nimeukimbia, mbele ya wale wale niliowakimbia. Nikajificha kwenye boneti.

Nilipochoka kujidanganya nikawafuata. Niliwakuta kando ya njia, machela iko chini kwenye majani, kofia wamevua.

Deo alikuwa amewaomba wamshushe. Akaraga pale pale, mbele ya watu saba, kisha akanyamaza.

Siku ya matanga ukoo ukagawanyika. Baba mkubwa mmoja akasema maneno ya njiani hayahesabiki, yeye hamjui mtoto wa kisiwani. Petro akasimama, na wale sita wakasimama. Kila mmoja akasema maneno yale yale.

Ndipo baba mkubwa akanigeukia. "Na wewe mdogo wake? Ulimsikia?"

Nyumba nzima ikaniangalia. Ningesema ndiyo, yangekwisha hapo hapo. Lakini nilikuwa nimeshamdanganya Deo mara moja.

Nikasema, "Sikusikia, Tata. Nilikuwa kwenye gari."

Wazee wakatoka nje kushauriana. Waliporudi wakasema watu saba walioacha majembe yao hawana wanachopata kwa mtoto wa Deo, basi wanasema ukweli. Adela akapimiwa migomba ya upande wa chini, karibu na kisima, kama baba yake alivyotaka.

Landrova sikuitengeneza tena. Machela niliibeba mpaka ilipoacha kutumika.

Mwaka jana Adela, ambaye sasa ni mama wa watoto wanne, aliniuliza, "Baba mdogo, baba alinitaja kwa maneno gani hasa?"

Nikampeleka kwa Petro, ndiye pekee aliyebaki katika wale saba.

Mzee akamweleza taratibu, neno kwa neno. Adela analia, anacheka. Nikadhani amemaliza, nikasimama kuaga.

Petro akaniambia, "Kaa. Kuna la kwako sikuwahi kukupa. Alikuulizia. Tulimwambia uko nyuma unahangaika na gari. Akasema, basi tembeeni polepole, mdogo wangu atufikie."

Walitembea polepole, wakuu. Walinisubiri.

Basi ninyi mnaotaka kuongeza nguvu, mwulizeni fundi habari ya rejeta kwanza, na akikataa mwaminini. Na siku mtu wako anabebwa, gari liache lilipo, nenda ushike mti.

Aliyewahi kubeba machela, wa Muleba au wa popote, aandike hapa chini. Nitasoma yote, hata ya kunigombeza.